Maswali ya Bibi Lidwina

Mwezi wa kwanza baada ya Rupert na Ursula kuhamia, watu wa mtaa waliwaita Padri na Sista. Hawakuwa na nia mbaya. Huku Songea mmisionari Mzungu aliyezeeka ni padri, bruda au sista. Wa namna nyingine hawakuwahi kumwona. Kwa hiyo Rupert alipopita na mbao begani, watoto walimkimbilia, "Tumsifu Yesu Kristo, Padri!" Na Ursula alipofika bombani na ndoo yake, wanawake walimpisha, "Tangulia, Sista." Shida ilianza pale watu walipogundua kwamba Padri na Sista wanalala nyumba moja.

Katekista Marcelino ndiye aliyelazimika kusimama kanisani Jumapili wakati wa matangazo.

"Hawa ni mume na mke," alisema. "Wamefunga ndoa kwao Ujerumani, wana watoto wakubwa na wajukuu. Mzee Rupert ni seremala, atafundisha vijana kwenye karakana ya parokia. Mama Ursula alikuwa muuguzi, atatembelea wagonjwa majumbani. Ni wamisionari, lakini ni walei kama mimi na wewe. Naomba maneno yaishe."

Maneno hayakwisha, yalibadilika tu. Sasa watu walitaka kuona hiyo ndoa yenyewe ikoje.

Aliyetaka kuona kuliko wote alikuwa Bibi Lidwina, mjane aliyekaa nyumba ya jirani. Kila asubuhi akielekea shamba alisimama kwenye ua wa michongoma, jembe begani, akatazama. Alimtazama Ursula akiosha vyombo. Alimtazama Rupert akianika nguo, soksi moja moja, huku akipiga mluzi. Ursula akimwambia, "Karibu ndani, Bibi," alijibu, "Asante, naenda shamba," lakini haendi.

"Labda ana shida na anaona aibu kusema," Rupert alimwambia mkewe.

Ursula akampelekea sukari. Bibi Lidwina aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, na kesho yake akasimama palepale. Basi haikuwa sukari.

Mvua zikafika katikati, mahindi yakawa marefu kuliko mtu, na Ursula akashindwa kuvumilia. Alifuta mikono kwenye kitenge akaenda mpaka kwenye ua.

"Bibi Lidwina, nisamehe kwa kuuliza. Kila siku unatuangalia. Unataka kujua nini?"

Bibi Lidwina alishusha jembe. Ilionekana alikuwa akimsubiri aulize.

"Nataka kujua mnavyoishi," alisema. "Mimi nimesoma kwa masista Peramiho. Wazungu nawajua tangu utoto. Nimewaona wakisali, wakilima, wakitibu watu, wakizeeka, mpaka wakizikwa. Lakini sijawahi kumwona Mzungu mwanamke akigombana na mumewe. Nimesimama hapa tangu mvua za kwanza na sijaona kitu. Hamgombani?"

"Tunagombana," Ursula alisema. "Ila kwa Kijerumani, tena jikoni."

Bibi Lidwina alicheka mpaka akashika mti wa ua. Siku hiyo aliingia ndani, akakaa kwenye stuli ya jikoni, na tangu hapo hakusimama tena nje.

Alikuja na maswali kama wengine wanavyokuja na mboga. Kwa nini Baba Rupert anaanika nguo? Kwa sababu Ursula anapika. Na Ursula akiumwa, nani anapika? Rupert, tena anaunguza uji. Kwa nini wamekuja wakiwa wazee, wakati wale wa zamani walikuja vijana wakazeekea hukuhuku? Hapo Ursula alifikiri kidogo. "Ujana wetu uliliwa na watoto na kazi," alisema. "Tulipostaafu nyumba ikawa kimya, tukaona bado tuna nguvu."

Ursula naye aliuliza. Mwenzake alimfundisha kupika likolo, mboga za majani za huku, kwa karanga zilizotwangwa, na walipokuwa wakichambua majani ndipo alipoulizia habari za marehemu mume wake.

Aliitwa Pankrasi, mwashi. Alikwenda kujenga Mbesa, mbali huko Tunduru, enzi ambazo barabara wakati wa masika ilikuwa tope tupu. Aliugua hukohuko akafa. Habari zilimfikia mkewe baada ya mazishi.

"Kaburi lake sijaliona," alisema Bibi Lidwina, akatupa bua la mboga. Kisha akauliza, kama alivyouliza habari za uji na soksi, "Na ninyi, mmoja wenu akifa, atazikwa wapi?"

Mikono ya Ursula ilisimama ndani ya majani.

Jioni hiyo, mezani, alilipeleka swali kwa mumewe. Rupert aliweka kijiko chini.

"Hapa," alisema. "Nimeshazungumza na paroko. Amekubali, nyuma ya kanisa."

"Umezungumza na paroko kabla ya kuzungumza na mimi?"

"Niliogopa utakachosema."

"Kwa hiyo ulikijua."

Alikijua. Mtoto wao wa kwanza, Matthias, alikufa kwa ajali ya pikipiki akiwa kijana, akazikwa kijijini kwao. Kabla ya kuja Songea, hapakupita wiki Ursula asiende kupalilia maua ya kaburi lile. Alikuja huku akiamini kwamba ipo siku atarudi kulala karibu naye, na kwamba Rupert atakuwa upande wa pili. Haikumwingia akilini kwamba mumewe ana mpango mwingine. Waligombana kwa Kijerumani, jikoni, mpaka chakula kikapoa.

Asubuhi Rupert alianika nguo bila mluzi. Bibi Lidwina aliingia, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Leo mmegombana."

"Umejuaje?" Ursula aliuliza.

"Mashati yote yameanikwa hovyo. Ni lile swali langu?"

Ursula akaitikia kwa kichwa. Bibi Lidwina hakucheka. Alikaa kwenye stuli yake.

"Sikuuliza kwa ajili yenu tu," alisema. "Wanangu wananiambia nikifa watanipeleka Mbesa nikalale na baba yao. Wanasema mke hulala na mumewe. Mimi sijui kama nataka. Nitatakaje kulala mahali nisipopajua? Pengine kaburi lenyewe limeshaliwa na pori."

Rupert alikuwa amesimama mlangoni na beseni tupu. "Gari lipo," alisema. "Twende tukaone."

Walikwenda mvua zilipokatika. Bibi Lidwina alikaa mbele, nguo zake za kanisani mwilini, akimhoji Rupert njia nzima: kwa nini anafunga breki wakati mbuzi bado wako mbali, kwa nini Wazungu hawaongei wakiendesha. Walipita Namtumbo, wakafika Tunduru, kisha wakaacha lami wakashika njia ya vumbi. Kila walipozidi kukaribia, maswali yalipungua. Mbesa walipoingia, hakuwa na swali hata moja.

Waliulizia kwa wazee. Wakapelekwa kwa mzee mmoja Myao aitwaye Hamisi, aliyekuwa saidia fundi wa Pankrasi. Aliposikia jina alisimama kwenye mkeka wake.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mmekuja. Mimi nilishakata tamaa, nikajua nitakufa nisimwone mtu wake."

Aliwaongoza mwenyewe. Kaburi halikuwa limeliwa na pori. Lilikuwa limefagiliwa, limezungushiwa matofali, na msalaba wake wa mti ulikuwa mpya kuliko misalaba ya jirani.

"Nani anaufanya usafi huu?" Bibi Lidwina aliuliza.

"Mimi, kila kiangazi. Msalaba nawaomba Wakristo wenzake wanichongee, mimi siujui ukae vipi." Hamisi alikohoa. "Tulijenga naye, tukala naye. Hakuwa na ndugu huku. Ningemwachaje?"

Bibi Lidwina alimshika mkono mzee yule. Kisha akakaa chini kando ya matofali, akaanza kuongea na mumewe kwa Kingoni. Aliongea kama mtu anayeteta, mara akacheka, mara akafuta macho kwa ncha ya kanga. Ursula hakuelewa hata neno, na safari hii yeye ndiye aliyesimama pembeni akitazama, akitamani kujua.

"Umemwambia nini?" alimuuliza walipokuwa wakirudi kwa Hamisi.

"Nimemwambia, Pankrasi, kumbe hukuwa peke yako. Basi mimi nitalala Songea, nilikozaa na ninakolima. Asikasirike. Akitaka kunitembelea, siku hizi karibu njia nzima ni lami."

Walilala kwa Hamisi. Baada ya chakula Rupert na Ursula walitoka kutembea mpaka mwisho wa mikorosho.

"Wewe lala Songea," Ursula alisema. "Mimi nitalala na Matthias. Asibaki peke yake."

Rupert akauliza, "Nikitangulia mimi?"

"Nitakuzika vizuri, nitakulilia, halafu nitapanda ndege."

"Na ukitangulia wewe?"

"Utanisindikiza mpaka nyumbani. Ukimaliza, urudi kwa wanafunzi wako, kama utataka."

Alimshika mkono. Mkono wa Rupert ulikuwa mgumu kwa randa na misumeno. "Nilipaswa kuanza na wewe, siyo paroko," alisema.

"Ndiyo. Na hilo bado sijakusamehe."

"Utanisamehe lini?"

"Tutaona tukifika Namtumbo."

Namtumbo alimsamehe, au angalau alimnunulia ndizi.

Mambo hayakuishia hapo. Bibi Lidwina alipowaeleza wanawe, yule mkubwa, Remmy, alikasirika. Alisema mama ameharibiwa akili na Wazungu, na Jumamosi akaja nyumbani kwa wamisionari kuwakabili. Alisema "Shikamoo" kwa sauti ya ugomvi. Ursula akaitikia marahaba, akamkaribisha chai. Remmy akauliza kama ni kweli kwao mume na mke hutengana kaburini. Ursula akamwambia huwa hawatengani, ila yeye na Rupert wameamua hivyo, na bado inamuuma. Akamweleza habari za Matthias. Akamweleza pia habari za Hamisi na fagio lake la kila kiangazi, maana hilo mama yake hakuwa amewahi kulifikia. Remmy alianza kufoka kabla mama hajamaliza.

Remmy alishika kikombe bila kunywa.

"Huyo mzee bado ana nguvu?" aliuliza.

"Za kutosha. Ila mgongo unamsumbua."

Hakusema kwamba amekubali. Lakini mavuno ya mahindi yalipoanza yeye na wadogo zake walikodi gari wakaenda Mbesa, kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakiwa wamebeba gunia la maharage na blanketi la kumpelekea Mzee Hamisi. Siku waliyoondoka, mama yao hakukaa kuwapungia sana. Alikuwa na shamba la kuvuna, na Ursula alikuwa ameshatangulia huko na ungo.