Printa ya Nukta Nundu

Kompyuta ya zamani ya Mwanatabu ilikufa mwaka wa 2009, mvua za masika zilipoanza, ikiwa imeliwa na hewa ya chumvi ya Likoni. Hakuililia sana. Kilichomtia simanzi ni printa iliyoungwa nayo, lile dude zito lililogonga nukta nundu kwenye karatasi ngumu. Mwanatabu hakupata kuona tangu azaliwe, na kwa dude hilo aliwatengenezea vitabu watoto wasioona kama yeye. Mumewe, Bakari, alisoma kitabu na kukiandika kwenye kompyuta, printa ikagonga, kisha Mwanatabu akapitisha vidole mstari kwa mstari. Kitabu hakikutoka nyumbani mle mpaka vidole vile viridhike. Bakari hakujifunza kusoma nukta. Kazi hiyo haikuwa yake.

Miezi ikapita bila kitabu, hata kaka yake Mwanatabu aliyeko Dubai akawaletea laptopu, nyembamba kama sinia. Bakari aliizungusha akitafuta pa kuchomeka waya wa printa, wenye kichwa kipana cha pini nyingi.

"Ina vijitundu viwili tu, vyembamba," akamwambia mkewe. "Kichwa hiki hakiingii hata kwa dua."

Wakamwita Phineas, fundi wa Changamwe, mtu wa bara mwenye subira.

"Hizo ni tundu za USB, mama," akasema. "Mashine mpya ndivyo zinavyokuja. Kuna waya wa kati, huku USB, huku mpana. Nitautafuta."

Aliutafuta mpaka wakadhani amewasahau. Siku alipokuja nao aliuchomeka, akahangaika na laptopu kitambo, na printa ikaanza kugonga. Mwanatabu alisimama mlangoni akiisikiliza kama mtu asikiaye hatua za mgeni wake. Karatasi ikatoka. Akaichukua, akapitisha kidole, akarudia toka mwanzo.

"Si maneno haya," akasema.

"Si maneno vipi?" akauliza Bakari.

"Nukta zimevurugika. Kama mtama uliomwagwa."

Phineas akailaumu programu ya kugeuza herufi kuwa nukta, akaifuta na kuiweka upya. Mwanatabu akashika karatasi, akatikisa kichwa. Fundi akaja tena na waya mwingine. Akaja Ijumaa, akaja Jumapili akitoka kanisani, bado ana tai shingoni. Kila mara printa iligonga vizuri, kila mara wanaume wawili walisubiri wakimtazama mama yule vidole, na kila mara akasema, "Bado." Sauti yake ilizidi kufifia.

"Mama, nimeshindwa," Phineas akasema mwishowe. "Hizi mbili zimekataa kuelewana."

Alikuwa akikunja waya wake Ngowa alipobisha hodi. Ngowa naye haoni. Alisomeshwa na Mwanatabu utotoni, na sasa ni mwalimu.

"Shikamoo, Bi Mwanatabu. Nimekuja kuuliza kile cha hisabati."

"Marahaba, mwanangu. Kitabu hakuna. Hebu shika uone balaa lililotufika."

Ngowa akaiweka karatasi magotini. Vidole vikatembea. "Lewa ana maembe tisa," akasoma. "Akimpa dadake manne, atabakiwa na mangapi?" Akasoma mpaka chini bila kukwama. "Mbona iko sawa, Bi?"

Phineas aliinuka, akakaa tena.

"Soma na hii," Bakari akasema, akamtolea karatasi zilizotupwa kapuni, hata ile ya kwanza kabisa. Zote zilikuwa sawa.

Mwanatabu aliugua kisukari kwa miaka, nacho kilikuwa kimeshaua hisia za nyayo zake. Daktari alisema huenda kikafika mikononi, asiseme lini. Vitabu vya zamani rafuni Mwanatabu alivijua kwa moyo, akivisoma kila jioni asigundue kwamba kichwa ndicho kilichokuwa kikisoma. Bakari akamshika mkono, akambonyeza ncha ya kidole kwa ukucha.

"Wasikia?"

"Kama nimevaa soksi," akajibu. Kisha akamgeukia fundi pale alipomsikia akipumua. "Kazi yako ni njema, baba. Niwie radhi."

"Hakuna kosa, mama," Phineas akasema, akauchomeka tena waya.

Kazi ikaendelea. Bakari akaandika, laptopu ikapeleka, printa ikagonga, na kukagua akakagua Ngowa huko shuleni. Mwanatabu alikaa chumba cha pili akisikia yote kupitia ukutani.

Kitabu cha kwanza, kile cha hisabati, kilipokamilika Bakari alimletea, akamwekea mapajani. Akakifunua, akatandaza viganja juu ya ukurasa.

"Watoto wamekipenda?"

"Ngowa asema wanakigombania."

"Alhamdulillahi."

Bakari akasubiri. Mkewe hakugeuza ukurasa.

"Nikusomee?"

"Maembe?" Mwanatabu akasema. "La. Nenda kaanze kingine, wasije wakakosa."

Akaenda. Punde printa ikaanza kugonga upande wa pili, na Mwanatabu akabaki na viganja vyake juu ya karatasi, havisogei.