Lugha ya Ukoo Wake

Ofisini walimwita Mbishi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hakuwa mgomvi. Alikuwa tu mtu ambaye ukimwambia "kila mtu anafanya hivi", hapo hapo umemkata hamu ya kufanya hivyo. Meneja alipomkabidhi kazi ya benki ya damu, programu ya kufuatilia kila mfuko tangu unapoingia kwenye friji hadi unapopelekwa wodini, Mbishi hakuiandika kwa lugha ya kompyuta iliyotumiwa na kampuni nzima. Aliiandika kwa nyingine, ambayo mjini humo pengine waliijua watu watano, na wanne kati yao hakuwahi kuwatia machoni.

Wenzake waliiita lugha ya ukoo wake. Ya kwao waliiita Lugha ya Wote, na kweli ilikuwa ya wote: ukitafuta mtu wa kuiandika unampata kabla chai haijapoa. Walikuwa watatu, wakikaa meza moja ndefu karibu na dirisha, na utani wao haukuwa wa kuumiza.

"Mbishi, huko kwenye ukoo wenu hawajambo?" wangemuuliza akiwasha kompyuta.

"Wazima. Wanawasalimu, wanasema mkikwama mje."

Sababu alikuwa nayo, ila hakupenda kuisimulia. Miaka sita nyuma aliandika kwa Lugha ya Wote programu ya kujumlisha matokeo ya mitihani ya shule moja. Wanafunzi wanane waliugua siku ya mtihani, nafasi zao za alama zikaachwa wazi, na ile lugha, kwa upole wake wa kutouliza maswali, ikapachika sifuri. Wote wanane wakaandikiwa wamefeli. Mbishi aliitwa mbele ya wazazi, na mama mmoja alimtazama bila kusema neno mpaka kikao kikaisha. Angetukanwa ingekuwa afadhali.

Lugha ya ukoo ilikuwa na roho nyingine. Palipoachwa wazi, iligoma. Kama hujasema kitakachofanyika iwapo kundi la damu halijulikani, haikubali kuijenga programu iweze kuendeshwa, hata utie ulimi puani. Mbishi aliipendea kugoma huko. Walifanana.

Asubuhi moja, programu ikiwa mwezi wa pili wa majaribio, meneja alimwita chumbani kwake na kufunga mlango. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno machache.

"Siku ukiondoka hapa, nani ataiangalia hiyo kazi yako?"

"Siondoki."

"Yule aliyekuwa kabla yako naye alisema hivyo. Akaondoka, simu hapokei, nikabaki wiki mbili nafokewa na mteja kwa kitu ambacho sikuweza hata kukisoma."

Kwa haki, swali lilikuwa la maana, na Mbishi alijua hivyo, ndiyo maana lilimkera. Kilichomchoma zaidi kilifuata. Wale watatu, waliokuwa wakimtania kila asubuhi, walikuwa tayari wiki tatu wakiiandika upya programu yake kwa Lugha ya Wote, kwa amri ya meneja, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Niletee mtu wa pili," meneja alisema. "Mmoja tu, anayeweza kuifungua na kuitengeneza bila wewe kumshika mkono. Nakupa wiki nne. Ukimkosa, ya kwako tunaizima, tunawasha ya wenzako."

"Wiki nne zinatosha," alijibu Mbishi, akatoka kabla mdomo haujamponza zaidi.

Siku mbili alishinda kwenye simu. Kati ya wale wanne, mmoja alikuwa amehamia ng'ambo, wa pili aliacha kazi ya kompyuta akafuga nyuki, wa tatu hakupokea, na wa nne alicheka sana, akauliza kama kweli Mbishi bado anang'ang'ania lugha hiyo. Mbishi alirudi nyumbani amenuna. Aliishi na shangazi yake, dada wa baba, mwalimu wa hesabu aliyestaafu mwaka juzi na tangu hapo akawa anajaza mafumbo ya namba ya gazetini kwa kalamu ya wino, maana penseli aliiona ni woga.

"Unatafuta mtu wa kufundishwa?" Shangazi aliuliza baada ya kusikia yote. "Nifundishe mimi."

"Shangazi, hii si hesabu ya darasani."

"Nimefundisha watoto wanaosinzia, saa nane mchana, wakaelewa. Wewe utashindwa kumfundisha mtu aliye macho? Vuta kiti."

Kuanzia hapo meza ya kulia ikawa darasa, asubuhi kabla ya kazi na jioni kabla ya chakula. Shangazi hakuwa mwanafunzi mwepesi. Aliandika kila kitu kwenye daftari la mistari, akauliza kwa nini, akajibiwa, akauliza kwa nini tena. Hakukubali kuvuka mstari bila kuusoma kwa sauti. Wiki ya pili walikosana kabisa, kwa sababu Mbishi alisema "hii iache tu, utaielewa mbele", na Shangazi akafunga daftari na kusema hajawahi kumwambia mtoto wa mtu maneno hayo katika miaka thelathini na nne. Wiki ya tatu alitaka apewe karatasi ya kanuni za benki ya damu, ile yenyewe waliyopewa na mteja. Mbishi alichakura kabati zima kabla ya kuipata. Wiki ya nne ilipoisha hata hawakuwa wameifikia, na Mbishi aliikunja mwenyewe akaitia kwenye mkoba wa Shangazi. Usingizi wake wiki hiyo ulikuwa wa mang'amung'amu. Kama Shangazi angekwama mbele ya watu, programu ingekufa, na mwanamke wa miaka sitini na mbili angechekwa kwa kosa la mpwa wake.

Siku ya jaribio walikutana saa nne asubuhi kwenye chumba cha mikutano chenye mlango wa kioo. Wale watatu waliinuka kwa heshima, "Shikamoo, shikamoo", wakidhani mama amemsindikiza mtu. Meneja aliangalia nyuma ya Shangazi kutafuta kijana.

"Mtu wa pili yuko wapi?"

"Marahaba," Shangazi aliwajibu wale kwanza. Kisha akamgeukia meneja. "Ndiye mimi."

Meneja aliwaomba Mbishi na Shangazi wasubiri nje, akakaa kwenye kompyuta aiharibu programu kidogo, ili Shangazi atafute palipoharibika. Zamani naye alikuwa mwandishi wa programu, na alidhani ni kazi ya dakika mbili. Kupitia kioo, Mbishi alimwona akiandika, akisimama, akiandika tena, na wale watatu wakiinamisha vichwa kuficha kicheko. Meneja alifuta mstari wa kundi lisilojulikana: programu ikagoma. Akaacha tarehe wazi: ikagoma. Ilimchukua karibu saa nzima kupata uharibifu ambao lugha ya ukoo ingeukubali. Mbishi alisimama kwenye korido na kifua mbele.

Walipoitwa, Shangazi alivaa miwani, akatandika karatasi ya kanuni kando ya kompyuta na kuanza kusoma kwa sauti, kidole kwenye karatasi, macho yakienda na kurudi. Robo saa ikapita.

"Hapa pameandikwa damu ikae siku hamsini na tatu. Kanuni inasema thelathini na tano." Akabonyeza, akarekebisha, akaijenga programu, ikajengeka. "Nani aliandika hivi?"

"Mimi," meneja alikiri. "Ndilo kosa lenyewe. Hongera, mama."

Mbishi alishusha pumzi aliyoizuia tangu asubuhi. Lakini kidole cha Shangazi kilikuwa bado kwenye karatasi.

"La pili nalo?"

"Niliharibu moja tu."

"Basi hili si lako." Alivua miwani. "Kanuni inasema siku thelathini na tano tangu damu ilipotolewa kwa mchangiaji. Hapa zinahesabiwa tangu mfuko ulipopokelewa benki."

Mbishi aliinama kwenye kompyuta kuusoma mstari. Mifuko ya miji ya mbali ilikaa njiani siku mbili, tatu. Programu yake ingeiacha damu kwenye friji siku tatu baada ya kupaswa kuondolewa, na ingeionyesha kuwa ni nzima. Ule mstari aliusoma mara mia, na mara zote mia alisoma alichokusudia kuandika. Lugha yake isingeweza kumzuia. Tarehe zote mbili zilikuwepo, zote zimejazwa, hapakuwa na pa kugomea.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "hukuweza kuninong'oneza?"

"Siwezi kusahihisha nusu ya daftari."

Meneja aliegemea kiti. "Kumbe na hii ya ukoo inakosea."

Hasira ikampanda Mbishi, safi na ya moto, na safari hii hakuhitaji kutafuta wa kumbebesha. "Haijakosea. Nimekosea mimi. Sasa fungueni ya kwenu."

Wale watatu walitazamana.

"Ya kwetu inahusiana nini na hili?" aliuliza mkubwa wao.

"Kanuni mlizitoa wapi? Karatasi ilikuwa nyumbani kwangu."

Wakafungua. Halikuwa jambo la kutafuta sana. Kwa Lugha ya Wote, kwa maandishi nadhifu, mfuko ulihesabiwa siku tangu ulipopokelewa benki. Walikuwa wamehamisha programu yake mstari kwa mstari, watu watatu, wiki saba, na kila mmoja alidhani karatasi ya mteja imeangaliwa na mwenzake.

"Haya," meneja alisema akiinuka. "Programu bado iko kwenye majaribio, hakuna aliyedhurika. Turekebishe kimya kimya, halafu nitaamua tunabaki na ipi."

Mbishi alikwisha shika simu.

"Weka chini hiyo simu."

"Jina langu ndilo liko juu ya hiyo programu."

"Nimesema weka chini. Ukipiga, na wewe hesabu umeondoka."

Aliisikia vizuri. Akabonyeza, akaweka sauti ya nje, akailaza simu katikati ya meza. Mkuu wa benki ya damu, mama mwenye sauti kavu ya watu wa maabara, alipokea mlio wa pili. Mbishi alimweleza bila kuzunguka: kosa ni hili, nimelifanya mimi, limekuwepo tangu mwanzo, najua kwenye majaribio bado mnafuata lebo za mifuko, lakini kagueni friji leo hii.

Upande wa pili kalamu ilikwaruza karatasi. "Nani kaliona?"

"Shangazi yangu. Mwalimu wa hesabu, mstaafu. Hiyo lugha amejifunza wiki nne."

"Na ile programu nyingine ambayo meneja wako anasema itachukua nafasi ya hii? Wenyewe waliliona?"

Mbishi aliisukuma simu taratibu mpaka mbele ya meneja. Meneja aliiangalia, akawaangalia wale watatu, na wao wakaangalia meza.

"Hawakuliona," alisema mwishowe. "Nao wanalo."

"Basi niachieni hii ambayo mtu akiisoma anaona. Na huyo mwalimu anisomee yote, tangu ukurasa wa kwanza." Simu ikakatika.

Hakuna aliyesema lolote kuhusu kuondoka. Shangazi alirudisha miwani machoni, akarudi mwanzo wa programu, akalainisha koo.

"Lakini bado mko wawili tu," meneja alisema, kama mtu aliyebakiwa na neno moja.

"Mwezi uliopita alikuwa mmoja," alijibu Shangazi bila kuinua kichwa. "Vuta kiti, ukae."