Mashini ya Mashua Kule Chaka

Wewe umewahi kuona mashini ya mashua mahali ambapo hakuna maji ya kutosha hata bata kuogelea? Basi pale Chaka ilikuwako. Mzungu mmoja aliileta kwa lori kabla ya Uhuru, akinuia kuipeleka ziwani Naivasha, halafu nia ikamwishia, akaifunga juu ya saruji shambani kwake imvutie maji. Alipouza shamba na kurudi kwao, Kingori, mwenyeji wa pale, akainunua, akaiunganisha na mawe ya kusagia mahindi. Ilikuwa ya kijani, nene kama fahali, na ubavuni bado ilikuwa na mdomo wa shaba wa kunyonya maji ya ziwa. Haikujua betri. Iliamshwa kwa mkono: hendeli ilikaa juu, usawa wa kifua, na cheni nene kuliko ya baiskeli ikashuka kutoka hapo mpaka kwenye gurudumu zito chini.

Kuiamsha kulitaka watu wawili. Mmoja azungushe hendeli. Mwingine ainue kijiti kidogo cha chuma kichwani mwa injini, ili pumzi itoke na hendeli iwe nyepesi. Mwenye hendeli akisema "sasa", kijiti kinashushwa, injini inakohoa, inashika. Kingori alizungusha, na Wachuka mkewe alishika kijiti. Miaka minne walifanya hivyo, kila asubuhi isipokuwa Jumapili.

Julai ya mwaka wa sitini na nane, asubuhi ya ukungu, injini ilishika, na hendeli badala ya kubaki imetulia ikazunguka nayo. Ilimpiga Kingori kifuani, ikampiga tena alipokuwa akianguka. Alikata roho kabla ya kupatikana gari la kumfikisha hospitali ya Nyeri.

Watu walilia na Wachuka, wakamletea kuni na viazi. Hakuna aliyejua alichokuwa amebeba moyoni. Siku ile mawazo yake yalikuwa kwenye maziwa aliyoyaacha jikoni, na mkono wake ulishusha kijiti kabla Kingori hajasema "sasa". Kidogo tu, muda wa kupepesa jicho. Tangu hapo kila siku aliamka na swali moja: ni mkono wake uliomuua mumewe, au ni chuma? Alitamani mtu aifungue mashini amwambie, na papo hapo aliogopa kuambiwa.

Mashini nayo haikumpa nafasi ya kusahau. Chumba kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo Wachuka akauvaa shingoni. Lakini saa moja asubuhi, saa ya kuanza kazi, cheni ilisikika mle ndani: krr, krr, krr, polepole, kisha kimya. Akifungua, anakuta hendeli imeelekea juu, na jana yake aliiacha chini. Akachora alama kwa jivu ukutani ili asijidanganye. Kesho yake, juu tena. Na hendeli ile ilikuwa nzito. Ukiiachia huanguka yenyewe. Kupanda haipandi. Wanawake wakaanza kupita njia ya mbali, mahindi mgongoni, kwenda kusaga Kiganjo. Walisema mashini imeonja damu na inatafuta nyingine.

Mama mkwe wake, Warigia, alisema itupwe kwenye timbo la mawe. Alisema hivyo wakati wa kupanda, akarudia wakati wa kuvuna.

"Itatupwa, mama," Wachuka akamjibu mwishowe. "Lakini kwanza ifunguliwe."

Akamwita Huseni, fundi wa mashini za kusaga kutoka mtaa wa Majengo, Nyeri. Alishuka basi na sanduku lake la spana, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Akaizunguka mashini mara mbili.

"Mama Muriithi, hii ni ya maji kabisa. Ilipotea njia ama nyinyi ndio mlipotea?"

"Ni yenyewe ilipotea," Wachuka akamjibu. "Sisi tuko kwetu."

Warigia alikuwa amesimama mlangoni na shuka yake, amekataa kiti. "Fundi, hiyo si ya kutengenezwa."

"Cucu, bibi yangu, wacha niione tumbo kwanza. Hata ng'ombe wa kuchinjwa hupimwa na daktari."

Alifungua cheni, akaikunja vizuri juu ya gunia, na kwa sababu baridi ilikuwa imemgandisha vidole, wakafunga mlango, wakaenda jikoni kunywa chai. Hata kikombe cha kwanza hakijafika nusu, wakasikia. Krr, krr, krr. Ilikuwa yapata saa nne. Haikuwa saa yake.

Walirudi wote watatu, Warigia akabaki mlangoni. Kufuli ilikuwa mahali pake. Ndani, cheni ilikuwa juu ya gunia, imekunjwa vile vile alivyoiacha. Hendeli ilikuwa imeelekea juu, peke yake, haikushikwa na kitu.

Huseni aliitazama kwa muda. "Cheni iko hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa ni nini ililia?"

Akasema bismillahi, akachuchumaa, akafungua gurudumu dogo lenye meno, lile ambalo cheni huliuma.

"Ndani hapa kuna vilimi vitatu," akamwonyesha Wachuka, "na nyuma ya kila kimoja springi. Ukizungusha, vilimi vinashika meno, vinavuta. Injini ikishika inakimbia kukushinda, basi vilimi vinalala, na hendeli inabaki kwa mkono yako. Sasa ona hivi."

Alisukuma kilimi kimoja kwa kidole. Hakikulala. Akajaribu cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa vimesimama, vimeshikwa na kitu cheupe chenye umanjano, kigumu kama mshumaa. Akakikwangua kwa kisu, akakinusa.

"Hii si grisi."

"Ni nini?"

"Mafuta ya kondoo. Imechanganyika na unga wa hapa, na hii baridi yenu ya mlima ikaifanya saruji. Injini iliposhika, vilimi havikuweza kulala. Ikaenda na hendeli."

Wachuka alisogea karibu. "Na kama mtu wa kijiti alishusha mapema?"

Huseni alimtazama, akaelewa, akainua kidole gumba chake kilichopinda. "Akishusha mapema, hendeli inakurudia mara moja, unaumia kidole. Mimi imeniumiza hivi. Hairuki ikazunguka na kuzunguka. Kilichomuua bwana yako ni hiki, mama."

Wachuka aliketi juu ya gunia, karibu na cheni. Mwaka mzima alidhani akisikia neno hilo atalia kwa sauti. Hakulia. Alikuwa akiwaza kwamba Kingori hakuwahi kutia kitu mle isipokuwa grisi ya mkebe, na kwamba nyumbani kwao hawakufuga kondoo. Hakugeuka kutazama mlangoni.

Huseni aliosha vilimi kwa dizeli mpaka vikang'aa, akabadilisha springi mbili, akapaka grisi kwa njiti ya kiberiti. Akarudisha cheni. "Shika kijiti."

Akashika. Huseni akazungusha, polepole, kisha mbio, akahema, akasema "sasa", na Wachuka akashusha pale pale, si mapema wala baadaye. Injini ikakohoa moshi mweusi, ikashika, ukuta ukatetemeka. Hendeli ilitulia mkononi mwa Huseni. Alipofungua vidole ilianguka chini taratibu, ikaning'inia hapo.

Walipoizima, fundi akatoka kunawa mikono. Wakabaki wanawake wawili.

"Mama," Wachuka akasema, "siku ile nilishusha kijiti mapema. Sijamwambia mtu."

Warigia aliingia ndani. Tangu mazishi hakuwa amevuka kizingiti kile. Akaweka kiganja juu ya chuma ambacho bado kilikuwa na joto.

"Ilikuwa Jumapili ya kabla ya siku ile," akasema. "Mlienda kanisa, nikasema mguu unaniuma. Nilikuwa na mafuta kidogo ya kondoo ndani ya kibuyu, yale ya kubarikia watu kwa mila yetu, nimeyaficha chini ya kitanda. Wazee wa kanisa wangejua, wangenitoa kwa meza ya Bwana. Nikapaka hapo kwa meno ya gurudumu, ndani kabisa, penye hapaonekani." Akaondoa kiganja kwenye chuma. "Mwaka mzima nimekuona ukikonda, na sikufungua mdomo."

"Lakini kwa nini hapo, mama?"

Mwanamke mzee alipangusa kiganja kwa shuka, kidole kimoja kimoja.

"Hiyo kitu ilitoka kwa watu wengine, ikatengenezewa maji ya mbali. Na mtoto wangu aliishika kila asubuhi. Nilitaka tu imjue," akasema. "Nilitaka ijue ni mtu wa nyumba, isimuume."