Majani ya Ngolo

Msimu wa pili mfululizo Othmar aliyalaza majani ya ngolo, yale mashimo ya shambani ya kuzuia mmomonyoko mlimani, kufuata mteremko badala ya kuyapanga miraba, na mvua ikausomba udongo wote hadi bondeni. Mkewe Katarina akampasha mbele ya majirani: mzee mzima, uvivu umekujaa!

Makosa yalipozidi, Othmar alipelekwa hospitali. Picha ya kwanza ya ubongo wake haikuonyesha kitu, maana kompyuta iliulinganisha na bongo za wazee wa Ulaya. Baadaye wazee mia moja wazima, wa Mbinga na wa kule ziwani, walikubali kupigwa picha ili kipatikane kipimo cha watu wa huku. Ndipo daktari alipoiona sehemu iliyosinyaa.

"Ni ugonjwa wa kusahau, mama. Si uvivu."

Katarina alitoka akishukuru. Wazee wa ziwani, asiowajua hata sura, aliwapelekea debe la maharage kwa gari la mnunuzi binafsi wa kahawa. Kisha akamfuata mumewe shambani.

"Baba Beata, nisamehe kwa yale matusi."

"Matusi gani?" Othmar akauliza, akitabasamu.

Siku hiyo Katarina aliushukuru hata ule ugonjwa.