Mbwa wa Rangi ya Fisi

Mitesh alinionyesha watoto wawili wa mbwa uani kwake, mtaa wa Cheyo kule mjini, akaniambia nichague mmoja. Wa kwanza alikuwa mweupe, manyoya marefu yanamfunika hadi makucha, na mabaka mawili ya kahawia mgongoni. Wa pili alikuwa na manyoya mafupi ya rangi ya mchanga, michirizi myeusi imemshuka mbavuni, na uso mweusi kuanzia puani hadi machoni, kama mtu aliyechungulia ndani ya sufuria la masizi. Walikuwa wa tumbo moja, lakini ukiwatazama ungeapa hawajuani.

"Mama Advera, chukua mweupe," Mitesh alinishauri. Dukani kwake ndiko ninakonunua dawa za mbuzi, na hawa mbwa wakubwa wa kulinda mifugo, ambao asili yao ni Uturuki, ndio starehe yake. "Kuna wachungaji hawataki rangi nyingine. Gizani wanamtambua mbwa wao, hawamchanganyi na mnyama wa porini."

"Na hayo manyoya atayachana nani?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Kwetu Goweko, mvua zikiisha, ukikatiza shamba vishona-nguo vinakuganda hadi kwenye kope. Nilijiona nimekaa jioni namchambua mbwa kama pamba, baada ya kulima, kuteka maji na kupika. Tangu mume wangu afariki nilikuwa nalala zizini kwenye gunia, panga pembeni, kwa ajili ya fisi. Kulala ni kusema tu. Sikuwa napata lepe la usingizi. Nimesinzia kanisani wakati wa mageuzo, watu wote wamepiga magoti, nimesinzia nimeshika mwiko, nimesinzia naongea na watu. Kazi ya kumchana mbwa nani anaitaka? Nikamchukua wa manyoya mafupi, nikamwita Nafuu.

Nilimweka zizini na mbuzi kama Mitesh alivyoelekeza, ale karibu nao na alale katikati yao, ajue hao ndio ndugu zake. Alikua upesi, kichwa kikanifika kiunoni. Siku fisi walipokuja, alibweka kwa sauti nzito iliyotikisa bati, nao wakaenda zao. Baada ya hapo nikahamia kitandani. Asubuhi ya kwanza jua lilinikuta bado nimejifunika. Niliketi ukingoni mwa kitanda nikalia, maana mwili ulikuwa umesahau kushiba usingizi.

Raha yenyewe haikudumu. Leodgar, kaka wa marehemu mume wangu na kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji chetu, alikuja kunitazamia mbwa. Alimzunguka, akamtazama mbavu, akamtazama uso.

"Shemeji, huyu ni fisi."

"Fisi gani anabweka?"

"Akibweka namjua. Lakini akikimbia kimya, magharibi jua likizama, vumbi limetimka? Mimi naona michirizi na mdomo mweusi. Na vijana wangu unawajua, mkono unatangulia macho."

Nilitaka kumjibu jeuri, ila alikuwa na haki. Kwetu ukipigwa mwano, ile kelele ya kuitana wakati wa hatari, kila mwanaume anaacha alichoshika anakimbia na upinde. Asiyetoka anatengwa, hata moto wa jirani hapewi. Watu hawasimami kuulizana mnyama ni wa nani.

Akanipa ushauri wa kumvalisha kitu cheupe. Nikatoboa salfeti, mfuko mweupe wa unga, nikamshonea koti, likamkaa vizuri tu. Kijiji kizima kilikuja kucheka. Waliokataa kucheka ni mbuzi. Kila Nafuu akipiga hatua salfeti ilichakarika, nao wakatimka. Walimkimbia mbwa waliyekua naye, wakarundikana kona ya mbali wakimtolea macho kama mgeni. Yeye akalala nje ya zizi peke yake, kidevu juu ya miguu, hajui amekosa nini. Wiki hiyo hiyo fisi akaingia upande wa pili akabeba beberu. Nikalichana lile koti kwa kisu.

"Basi tukubaliane," Leodgar alisema. "Ukisikia mwano, mfunge kamba. Mfunge kwanza, mengine baadaye."

"Nitamfunga."

Na nilimfunga kila mara. Hata mwano ukipigwa upande wa pili wa reli, mimi tayari nimeshika kamba.

Alhamisi ile nilishinda kwenye bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, nikipandisha majani juu na kuchochea moto. Nilirudi macho yanawasha moshi. Nikafungia mbuzi, nikamwekea Nafuu chakula chake, nikajilaza kwenye mkeka niunyooshe mgongo kidogo kabla ya kupika. Jua lilikuwa halijazama.

Mwano ulipigwa. Watu wanasema ulipigwa kwa muda mrefu, kutoka bondeni, fisi amekamata ndama. Wanawake wa jirani walitoka nje. Mimi nilikuwa nimelala. Mimi, mwanamke ambaye panya akipita zizini alikuwa anaruka na panga, siku hiyo nililala kama mtoto mchanga, kwa sababu mbwa alikuwepo.

Niliamshwa na Leodgar akibisha. Nje alikuwa ameshika baiskeli, na Nafuu amelazwa kwenye keria, amefungwa kwa mpira asianguke. Michirizi ya mbavuni ilikuwa imeingiliana na damu, huwezi kujua ipi ni ipi.

"Nimempiga mimi," alisema. "Si kijana wangu, shemeji. Mimi. Fisi alikuwa mbele, yeye anamfukuza. Niliona fisi wawili."

Sikuweza kumtukana. Nilitafuta hasira nikakuta uchovu tu. Tulimzika nyuma ya zizi kabla giza halijakolea, yeye akichimba, mimi nikimshika mbwa kichwa. Kisha akaegemeza jembe, akachukua upinde wake.

"Kalale. Leo zizi nitalinda mimi. Na kesho. Hadi tukupatie mwingine."

Nilimshukuru, nikaingia ndani, nikajifunika. Nikamsikia anakohoa, anageuza gunia, anajaribu uzi wa upinde. Mbuzi mmoja akapiga chafya, na uzi ukavutwa. Nilisikia kabisa ukivutwa, halafu ukalegezwa polepole. Alikuwa mtu mwema na macho yake yalikuwa yaleyale ya magharibi, yaliyoona fisi wawili.

Nikaamka, nikachukua blanketi na panga.

"Shemeji, nenda nyumbani," nilimwambia.

"Mbona hulali?"

"Nenda. Angalau mmoja wetu alale."

Akatundika upinde begani. Baiskeli ikaondoka. Nikaingia zizini, mbuzi wakasogea kunipisha, nikakaa pale walipopaacha wazi katikati yao.