Njia Ndefu ya Kwenda kwa Domina

"Frankfurt, Madrid, Santiago, kisha Punta Arenas," alisema Jakica, macho yake yakiwa kwenye kompyuta. "Njia fupi kuliko zote, mzee wangu. Ndiyo hiyo hiyo niliyokusomea jana."

"Na hapo Madrid nakaa muda gani?"

"Muda wa kunywa kahawa na kwenda msalani."

Mzee Prošper akatikisa kichwa kama mtu anayeuziwa samaki wa juzi. "Kidogo mno."

"Basi ile ya Roma. Unalala Buenos Aires, asubuhi unaendelea."

"Huko haiwezekani kulala mara mbili?"

Jakica aliweka kalamu chini polepole, maana angeiweka haraka ingeruka. "Babu, watu huingia humu wakinililia niwapunguzie vituo. Wewe unataka kulala kila uwanja wa ndege kama mhubiri!"

"Jiwe ukilikimbiza linapasuka, mwanangu." Maisha yake yote alikuwa mchonga mawe, na kwake kila jambo lilikuwa jiwe. Akausogeza mbele mfuko wa tini kavu alizozipanga mwenyewe kwa majani ya mlori, yale yanayonukia. "Kula kwanza."

"Sikukuomba tini. Nilikuomba jibu."

Ofisi ya tiketi ilikuwa chumba kimoja pale bandarini Supetar, mji mdogo wa kisiwani, ukuta mmoja na duka la mikate. Jakica alikuwa amezeekea humo akiwapeleka watu Sydney na Toronto. Yeye mwenyewe hajavuka mji mkuu, Zagreb. Siku hizo hata viti vilikuwa vimelowa. Kusi lilikuwa linavuma tangu wiki iliyopita, upepo wa joto na unyevu unaoumiza vichwa na kugombanisha wake na waume. Na kisiwani humo kusi likivuma hakuna anayetia sahihi. Posa haijibiwi, shamba haliuzwi, hata divai haihamishwi pipa. Mambo yaliyoamuliwa kwa kusi, wanasema, hujutiwa kwa kaskazi.

"Tungoje upepo ugeuke," alisema mzee. "Nitachagua kwa akili safi."

"Kiti kimeshikiliwa mpaka saa ya kufunga tu. Baada ya hapo hakuna kingine mpaka Kwaresima ipite. Marisol kasemaje asubuhi?"

Mzee akatazama kofia yake iliyokuwa magotini. Marisol alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake Domina. Huyo Domina aliondoka kisiwani akiwa msichana, akaolewa huko Punta Arenas, mwisho wa dunia, na mtu wa kisiwani kwao aliyekuwa amemwona kwenye picha tu, na tangu hapo hakurudi.

"Kasema mama yake hali chakula," alijibu.

"Na daktari?"

"Madaktari wanasema mengi."

Hapo Jakica akashindwa kujizuia. "Dada yako anakufa, Mzee Prošper, na wewe unachagua viwanja vya ndege kama anayechagua tikiti maji!"

Mzee hakukasirika. Alichukua tini moja, akaivingirisha kati ya vidole vyake vinene, akairudisha.

"Baba yetu alilala kitandani majira yote ya baridi," alisema. "Padri alishampaka mafuta mara mbili, naye yumo tu. 'Siendi mpaka Jerko aje.' Jerko kaka yetu, alikuwa baharia. Basi Jerko akaja na meli ya asubuhi. Akaweka begi chini, akasema, 'Baba.' Baba akamshika mkono, akafumba macho. Supu yake ilikuwa bado inatoa mvuke." Akaigeuza kofia yake magotini. "Sasa Domina kamwambia binti yake: sifi mpaka Prošper aje. Na Domina, mwanangu, hajavunja ahadi tangu azaliwe. Halafu wewe unanikimbiza."

Hasira ya Jakica ikabaki haina pa kutua, kama fagio lililoinuliwa kumpiga paka likakuta mtoto. Alitazama ile safari ya kulala mara mbili. Ilikuwepo. Angeweza kuongeza hata usiku wa tatu. Badala yake alivuta simu, akabonyeza namba ya Marisol, akampa mzee.

"Muulize mwenyewe."

Ilichukua muda Marisol kumpelekea mama yake simu. Kisha ikasikika sauti kavu, nyembamba, yenye lafudhi ya zamani ya kisiwani ambayo hakuna aliyekuwa nayo tena.

"Prošper? Uko wapi?"

"Supetar. Kwa Jakica wa tiketi."

"Bado? Punda wee! Hata ubatizo wako ulichelewa, padri akaenda kula."

"Kusi linavuma, Domina. Siwezi kutia sahihi."

Kikaja kicheko, kikageuka kikohozi, wakangoja kipite. "Huku upepo hautulii mwaka mzima. Ningeungoja, nisingeolewa wala kuzaa. Nimechoka, Prošper. Kukungoja ni kazi, hujui tu. Njoo. Na tini uje nazo."

Mzee aliendelea kuishika simu sikioni hata ilipokuwa imekatika. Nje bendera ya bandari ilikuwa bado imeelekea kaskazini, haijageuka hata kidogo.

"Hiyo ya Madrid," alisema, "ina kiti cha dirishani?"

"Kipo."

Alitia sahihi polepole, akikandamiza kalamu kama patasi, mpaka herufi zikatokea upande wa pili wa karatasi. Akaikunja tiketi, akaiweka ndani ya kofia, akasimama. Mlangoni akageuka, akarudi na kuuchukua ule mfuko wa tini mezani.

"Unisamehe, binti. Hizi zina mwenyewe."

Jakica alijua jinsi wakaguzi wa uwanja wa Santiago wanavyowanyang'anya wageni matunda. Akamfungulia mlango. Alisimama mlangoni akimtazama akipita gatini, koti limepeperuka, mfuko ameubana kifuani kama anayepasha joto kifaranga. Na kwa mara ya kwanza tangu amjue, mzee alikuwa anatembea haraka.