Maelezo ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kwa mujibu wa takwimu, hakukuwa na watu walioumia rohoni Bujumbura nzima kama watu wa Buyenzi. Kati ya watu sitini waliohojiwa mtaani humo mwishoni mwa mwaka 2001, hamsini na wanane walikuwa hawali mchana. Hamsini na saba walikuwa wakiamka kabla ya alfajiri. Arobaini na wanne walikuwa wamelia wiki ileile, na bibi mmoja wa barabara ya saba alisema yeye hulia kila usiku, hasa imamu akisoma vizuri.

Yasmina, aliyewahoji, alijua fika sababu yake. Ilikuwa Ramadhani. Hata yeye alikuwa amefunga huku akiuliza maswali, na mara mbili adhana ya magharibi iliwakatiza, yeye na mhojiwa wake wakala tende kwenye sahani moja, kisha wakaendelea na swali la kukosa hamu ya chakula. Mjomba wake Chabani, fundi magari, alipoulizwa kama huamka kabla ya alfajiri, alijibu ndiyo bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini. Yasmina alicheka, akaandika pembeni: daku.

Maswali yenyewe, ya kupima majonzi ya watu, yalitoka Ulaya, na ratiba ilipangwa na Profesa Hyacinthe, msimamizi wake chuoni: wapakuzi wa bandarini Septemba, watu wa Mutakura Oktoba, Buyenzi kuanzia katikati ya Novemba. Yasmina alimkumbusha mapema kwamba mwezi wa mfungo unaangukia hapo hapo. Profesa alimjibu kwamba sayansi haina dini. Basi Yasmina akauliza kama alivyoagizwa, na alipoandika tasnifu yake, ambayo pale chuoni kila mtu aliiita mémoire, aliweka maelezo ya mistari mitatu chini ya ukurasa wa arobaini na moja: mahojiano ya Buyenzi yalifanyika ndani ya Ramadhani, kwa hiyo majibu ya maswali ya kula, kuamka na kulia yasihesabiwe.

Mistari hiyo mitatu ndiyo iliyoleta maneno yote.

Chuo kilikuwa kimepanga ghorofa ya juu ya ghala la saruji, kule Zone Industrielle, na mwanafunzi aliyekaa karibu na dirisha alirudi nyumbani na mvi za vumbi. Idara ya saikolojia ilikuwa na maprofesa wawili. Mmoja alikwenda Ubelgiji mwaka 1996 kwa semina ya wiki mbili, na semina ilikuwa bado inaendelea. Akabaki Hyacinthe. Bila saini yake hakuna kutetea tasnifu, na bila kutetea hakuna diploma. Yasmina alikuwa na miaka ishirini na saba. Masomo ya miaka minne yalikuwa yamemchukua saba, kwa kuwa kila risasi zilipozidi mjini chuo kilifungwa.

Hyacinthe alisoma ukurasa wa arobaini na moja, akavua miwani. Akaeleza kwa upole kwamba takwimu za Buyenzi amekwisha zionyesha kwenye mkutano Nairobi, na wazungu fulani wameguswa mno. Wanataka kufungua kituo cha kutibu majonzi, na kituo kitahitaji mkurugenzi. Mkurugenzi ni nani hakusema, ila alikaa wima kidogo.

"Maelezo haya yanaharibu," alisema. "Uyatoe."

Kisha akaweka mkono juu ya goti la Yasmina, kwa utulivu wa mtu anayeweka miwani mezani.

"Uje nyumbani samedi, saa tisa. Madame iko na chorale yake ya kuimba kanisani. Tutarekebisha ukurasa pamoja, na mi nitasaini."

Yasmina hakuuondoa ule mkono. Aliondoa goti, na mwili wake wote ukalifuata mpaka nje. Alipofika kwa sekretari aliona aibu kali, halafu akaona hasira kwa sababu ya kuona aibu.

Sekretari alikuwa Irène, mwanamke wa Bukavu, mpole, aliyepiga taipu tasnifu za watu wote. Alimwangalia usoni, akamvutia kiti.

"Amekuambia samedi saa tisa?"

"Umejuaje, dada?"

"Mi pia ilikuwa samedi saa tisa. Chorale yao haibadilishake saa."

Irène naye alikuwa mwanafunzi wa idara hiyo. Mwaka 1998 alikataa kwenda Jumamosi hiyo, na tasnifu yake ililala kwenye kabati la Profesa bila saini hadi panya walipoanza kuisoma. Ilipokuwa wazi kwamba diploma haiji, aliomba kazi ya kupiga taipu za wenzake. Kabati lenyewe lilikuwa nyuma ya kiti chake.

Jioni hiyo Yasmina alimweleza shangazi yake Fatouma, muuza vitenge aliyemlea. Alisimulia akiwa ametazama chini. Fatouma hakupiga kelele wala hakumlaumu. Alikunja kitenge kilichokuwa mapajani, akauliza maswali mawili.

"Huyo mwanaume ana akili timamu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na amekuita kwake, kwa mdomo wake?"

"Ndiyo."

"Basi ni posa ama ni matusi. Tutaenda tusikie ni gani."

Kwa Fatouma jambo lilikuwa limekwisha. Buyenzi mwanamume akimwita binti wa watu nyumbani kwake, wazee ndio huenda kusikiliza ana neno gani, na hawaendi mikono mitupu. Jumamosi Chabani alifunga gereji, ile alimokuwa akifanya kazi na mwanawe mpaka kijana alipotoka kwenda kutafuta vipuri mwaka 1995 na asirudi. Alivaa kanzu ya Ijumaa. Fatouma alichukua vikongwe wawili wa barabara ya tano, wazoefu wa shughuli za posa, na sahani kubwa ya sambusa iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Yasmina alibeba tasnifu. Saa tisa kamili walibisha hodi.

Profesa alifungua akiwa amevaa kandambili na marashi mengi. Hakupata nafasi ya kufunga. Vikongwe walikwisha pita, wakisalimia na kuisifu nyumba, wakakaa kwenye kochi. Mezani palikuwa na soda moja na glasi mbili. Fatouma alizitazama zile glasi, akahesabu watu waliokuwemo, akaomba nyingine nne.

Zilipoletwa, Chabani alisafisha koo. Alisalimia kwa Kiarabu, akauliza hali ya mwenye nyumba, ya madame, ya watoto, na ya chorale.

"Bwana Profesa," alisema, "tumesikia umeita mutoto yetu kwako. Sisi ndio wazee wake. Tumekuja kusikiliza neno lako."

"Ni kazi tu," alisema Profesa. "Ni mambo ya mémoire."

"Vizuri sana. Mufanye kazi. Sisi tunangojea."

Wakangoja. Katika historia ya kile chuo haikuwahi kutokea tasnifu ikasomwa kwa makini namna ile. Profesa Hyacinthe alisahihisha nukta na mikato ya kurasa arobaini, huku vikongwe wakitafuna sambusa na kumwangalia mkono kila alipougeuza ukurasa. Alipofika wa arobaini na moja, aliugeuza pamoja na wa arobaini na mbili.

"Umeruka mmoja, Profesa," alisema Yasmina.

Alimrudishia ukurasa wa arobaini na moja, akaendelea. "Jumatano uliniambia nitoe maelezo ya Ramadhani ndipo unisainie. Ukaweka mkono kwenye goti langu, ukaniita hapa saa ambayo madame hayupo. Maelezo sitayatoa. Na mkono wako usinifikie tena."

Kikongwe mmoja aliacha kutafuna. Profesa alianza kueleza kwa Kifaransa, sentensi ndefu zenye maneno kama contexte na malentendu, yaani kutoelewana, na hakuna aliyemkatiza. Alipoishiwa, Chabani alimgeukia Fatouma.

"Basi si posa."

"Apana," alisema Fatouma. "Ni ile ingine."

Alifunika sahani kwa kitambaa, wakaaga kwa adabu, wakaondoka. Sambusa zilizobaki walirudi nazo.

Jumatatu barua ilikuwa imekwisha fika kwa mkuu wa kitivo: mwanafunzi Yasmina amemvamia mwalimu wake nyumbani akiwa na kundi la watu. Silaha hazikutajwa. Wiki iliyofuata aliitwa mbele ya kamati ya watu watatu, ikiongozwa na mkuu mwenyewe, Bwana Sébastien, ambaye wote walimwita Doyen, mtu asiyependa makelele, na aliyeliita kelele jambo lolote lililozidi dakika kumi. Hyacinthe alikaa pembeni, amevaa tai. Irène alikaa mwisho wa meza na rejista ya mihutasari, daftari kubwa lenye kurasa zilizopigwa namba na muhuri wa wizara, ili asitokee mtu wa kuchana ukurasa.

Yasmina alieleza yote, kuanzia goti hadi sambusa. Bwana Sébastien aliuliza kama kuna mtu aliyeuona ule mkono. Hakuna. Akaangalia saa.

"Nakupa njia, binti yangu. Uombe radhi kwa maandishi, na utoe hayo maelezo. Mwezi wa sita unatetea, tunakupongeza, mambo yameisha. Ukikataa, faili yako inangoja mpaka tupate profesa mwingine. Na unajua maprofesa wanavyopatikana wakati huu."

Yasmina alijua. Alifikiria mwaka mwingine wa vumbi la saruji, na mwingine labda. Aliitaka sana ile diploma.

"Watu wa Buyenzi walikuwa wamefunga, Bwana Doyen," alisema. "Siwezi kuandika kwamba walikuwa wagonjwa. Na radhi sina la kuombea."

Bwana Sébastien alipumua, akamwambia Irène aandike kwamba mwanafunzi amekataa. Kisha akasoma kipengele cha mwisho cha ajenda, Divers, yaani mengineyo, ambacho kila mkutano ulikuwa nacho na hakuna aliyewahi kuwa na neno ndani yake.

"Divers: hakuna," alisema, akifunga kalamu.

"Iko," alisema Irène.

Wote watatu walimgeukia, kwa maana hawakuwa wamezoea kumsikia. Irène alikwisha andika. Alisoma kwa sauti ileile aliyosomea ununuzi wa chaki: kwamba siku ya tarehe fulani ya Mei 1998, Profesa Hyacinthe, aliyepo hapa, alimshika kiuno yeye, Irène, mwanafunzi wakati huo, akamwita nyumbani siku ya samedi saa tisa, wakati wa chorale, kwamba alikataa, kwamba tasnifu yake iko ndani ya kabati lililo nyuma ya kiti cha sekretari, na wajumbe wanaweza kuinuka na kuitazama.

"Hilo halikuwa kwenye ajenda," alisema Bwana Sébastien.

"Divers iko kwenye ajenda toka mi nimefika hapa."

"Futa, tafadhali."

"Kwenye rejista hatufutake, Bwana Doyen. Ni ukurasa namba mia moja na kumi na mbili. Naomba saini zenu tatu."

Hyacinthe alitazama tai yake. Yasmina alimtazama Irène, na alitaka kulia. Mjumbe mzee kuliko wote, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliinuka, akafungua kabati, akatoa tasnifu iliyoliwa kona, akapuliza vumbi, akasoma jina la juu. Akasaini. Wa pili akasaini. Bwana Sébastien alisaini wa mwisho, polepole, jina zima.

Hyacinthe hakufukuzwa. Alipata semina ya wiki mbili Ubelgiji.

Profesa mwingine alipatikana baada ya miezi mitatu, mama mmoja mkavu aliyetoka Bukavu. Alizikubali tasnifu mbili kwa siku moja: ya Irène, iliyohitaji kona mpya, na ya Yasmina. Kwa Yasmina alikuwa na neno moja tu. Maelezo ya ukurasa wa arobaini na moja ni ya kweli, alisema, lakini hayatoshi. Buyenzi ihojiwe upya, mchana wa kawaida, mwezi wa kawaida. Diploma ikasogea mwaka mmoja.

Basi siku moja ya Julai, saa nne asubuhi, Yasmina alikuwa tena kwenye gereji ya mjomba wake, fomu mkononi. Chabani alikuwa ameinamia injini ya Toyota, na juu ya boneti palikuwa na mkate na kikombe cha chai.

"Wiki hii umekaa mchana bila kula, mujomba?"

"Apana. Si unaona mukate."

Yasmina alitabasamu, akaandika hapana. "Unaamka kabla ya alfajiri?"

"Ndiyo."

Kalamu ilikwenda pembeni yenyewe, pale alipoandika daku mara ya kwanza, ikakosa la kuandika.

"Kwa ajili ya swala?"

Chabani alifungua nati moja, akaiweka karibu na kikombe. "Swala inanikutaka macho."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata mwaka jana nilikuambia ndiyo. We ulicheka."

Yasmina aliinua macho kutoka kwenye fomu. Kwenye ukuta wa gereji kulikuwa na misumari miwili ya kutundikia makoti ya kazi, na wa pili ulikuwa bado na koti la mwanawe, dogo kwa Chabani, lenye vumbi la miaka saba mabegani. Alikuwa amelipita mara ngapi hajui. Maelezo yake ya kweli kabisa, aliyokataa kuyatoa mbele ya watu watatu, yalikuwa yamemhesabu mjomba wake kati ya wazima.

"Samahani, mujomba," alisema.

"Endelea na kazi yako, binti yangu. Kuna swali la kulia, nalikumbuka."

"Lipo."

"Uandike ndiyo."

Akaandika ndiyo. Kati ya watu sitini wa Buyenzi, safari hii waliobaki na majonzi walikuwa kumi na tisa, na Chabani alikuwa wa tatu kwenye orodha.